Harufu ya Kati Ndiyo Moyo wa Manukato

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeiotesha mimea na kuutia kila mmoja harufu yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye katika mambo ya dunia hii alipendezeshewa manukato, na ambaye Anas bin Malik (R.A.) alisimulia kwamba hakuwa akiyakataa anapotunukiwa. Ama baada ya hayo.

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, akina mama na mabinti wameirudia kazi ya kuchanganya mafuta mazuri kwa mikono yao. Wako wanaochanganya kwa ajili ya watu wa nyumbani mwao tu, na wako wanaouza chupa ndogondogo kwa jamaa na majirani, hasa Idi inapokaribia na misimu ya harusi inapoingia. Ni kazi ya heri. Inaweza kumwingizia mama riziki ya halali akiwa ndani ya nyumba yake, na inahifadhi ujuzi uliokuwa ukitoweka.

Lakini yako malalamiko mawili yanayosikika mara kwa mara. Mmoja husema, "Nilipochanganya yalinukia vizuri mno, na baada ya saa moja ikabaki harufu ya udi peke yake." Mwingine husema, "Mwanzo yananukia ndimu, kisha hayanukii kitu." Wote wawili hudhani dawa yake ni kununua udi wa bei zaidi, au kuongeza ndimu. Ukweli ni kwamba kilichokosekana kiko baina ya hayo mawili. Mchanganyiko wao una mlango na una msingi, na chumba cha kukaa hakikujengwa. Makala haya yanakihusu chumba hicho, yaani harufu ya kati, na namna ya kuichagua.

Matabaka matatu ya harufu

Tunaposema mafuta asilia tunakusudia yale mafuta mepesi yenye harufu ya mmea, yaliyokenekwa kwa mvuke kutoka katika maua, majani, mbegu, miti au mizizi, au yaliyokamuliwa kutoka katika maganda ya matunda jamii ya ndimu. Kila mafuta ni mkusanyiko wa chembe nyingi. Chembe nyepesi huruka upesi zikipata joto la mwili, na chembe nzito hukawia. Kwa hivyo ukipaka mchanganyiko wa chungwa, waridi na sandali kwa wakati mmoja, pua haitavisikia vyote kwa wakati mmoja.

Chungwa litatangulia, nalo hudumu dakika chache, pengine robo saa au nusu saa. Hilo ndilo tabaka la juu. Ndimu, limau, chungwa na mchaichai ni katika kundi hili. Nyuma yake huchomoza waridi, nalo litakaa saa mbili, tatu, au nne. Hilo ni tabaka la kati. Mwisho hubakia sandali, ambayo huweza kusikika kwenye nguo hata kesho yake. Hilo ni tabaka la msingi, na pamoja na sandali wamo udi, pachuli na ubani.

Elimu ya kuchanganya manukato si ngeni kwa Waislamu. Katika karne ya 9, mwanachuoni Al-Kindi wa Baghdad aliandika kitabu kuhusu kemia ya manukato na ukenekaji, akaweka humo maelezo ya matengenezo zaidi ya 100. Istilahi za sasa zilitoka Ulaya baadaye sana. Katika karne ya 19, Septimus Piesse, mtengenezaji manukato wa London, alizilinganisha harufu na sauti za muziki, nyembamba kwa nene. Katika karne ya 20 Mwingereza mwingine, William Poucher, aliyapima mafuta kwa muda yanaochukua kuruka, akayapa nambari kuanzia 1 hadi 100. Yale yaliyopata kati ya 15 na 60 aliyaweka katika tabaka la kati. Sandali na pachuli aliyapa 100.

Mpaka baina ya matabaka hayo haukuchorwa kwa wino. Lavenda husimama mlangoni baina ya juu na kati. Asumini na langilangi huanza kati na mikia yake ikashuka hadi msingini. Basi usishangae ukiona mtu mmoja ameyaweka mafuta yaleyale hapa, na mwingine kule.

Walivyokuwa wakipanga mabibi zetu

Mpango huu wa harufu tatu mabibi zetu waliujua kwa matendo, ingawa hawakuupa majina hayo. Mgeni alipoingia kwenye shughuli alinyunyiziwa marashi kwa mrashi. Hayo yalikuwa makaribisho, na hupita upesi. Nguo zilikuwa zimekwisha fukizwa udi kwa chetezo, nao ndio uliokuwa ukikaa siku nyingi ndani ya sanduku. Baina ya mawili hayo palikuwa na maua: asumini iliyotungwa na kutiwa nywelani, kikuba cha mkadi, asumini na mrehani kilichobandikwa kifuani, kilua, afu. Maua hayo ndiyo yaliyomtambulisha mwenyewe kwa muda wote wa karamu.

Tazama basi ni nini kilichokuwa katikati. Lilikuwa ua hai, lililochumwa jioni ileile. Sisi leo tuna udi wa dukani na tuna ndimu ya chupa, na ua limetutoka. Ndiyo maana manukato mengi ya nyumbani siku hizi yana ukali mwanzoni na uzito mwishoni, na katikati ni patupu.

Asumini yenyewe haitoi mafuta yake kwa kuchemshwa jikoni, kwa sababu joto huiharibu harufu yake laini. Kule Kannauj, katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, watengenezaji wa atari huyakeneka maua polepole katika mitungi ya shaba, na mvuke wake hupokelewa ndani ya mafuta ya sandali. Ua na msingi huoana humohumo ndani ya chombo. Atari nyingi zilizofika katika bandari zetu kwa miaka mingi zilitoka huko. Wale wa Kannauj huanza na ua, kisha wakalitafutia sandali ya kulibeba. Nasi tuanze na kati.

Kwa nini kati ina uzito zaidi kwetu

Manukato mengi ya madukani yamezimuliwa kwa spiriti, nayo spiriti huruka mara moja ikaichukua harufu ya juu na kuitupa hewani kwa kishindo. Sisi tunaochanganya nyumbani aghalabu huzimua kwa mafuta, kwa kuwa ni rahisi kupatikana, ni laini kwa ngozi, na humwepusha mtu na khitilafu za wanazuoni juu ya spiriti. Lakini mafuta yana tabia yake. Hushika. Harufu ya juu haipai sana ndani yake, na kila kitu hukaa karibu na mwili.

Matokeo yake ni kwamba katika manukato ya mafuta, tabaka la juu lina nguvu kidogo kuliko lilivyo katika chupa ya kupuliza, na tabaka la kati ndilo atakalolisikia mume, mtoto na mgeni wako wa kike kwa sehemu kubwa ya muda. Wachanganyaji wengi huanza na kipimo cha sehemu 3 za juu, sehemu 5 za kati na sehemu 2 za msingi. Yaani nusu nzima ya mchanganyiko ni kati. Anayetumia pesa zake zote katika udi, kisha akaijaza nusu hiyo kwa chochote kilichopo, amejenga nyumba kwa kuchagua milango na kusahau vyumba.

Kabila nne za kati

Ili uchaguzi uwe mwepesi, yagawe mafuta ya kati katika makundi manne.

*La kwanza ni la waridi.* Waridi lenyewe ni bwana wa kundi hili, na bei yake inajulikana. Kilo 1 ya mafuta yake huhitaji kiasi cha tani 3 hadi 5 za maua. Taif ni mji uliosifika kwa waridi, na Jabal Akhdar kule Oman inasifika kwa marashi. Anayefuata ni jeraniamu, ambalo harufu yake imejengwa kwa chembe zilezile zilizo nyingi katika waridi, ila ina ubichi wa majani juu yake. Kwa mchanganyaji wa nyumbani jeraniamu ni rafiki mwaminifu. Bei yake ni nafuu, ngozi nyingi huivumilia, na hupatana na karibu kila jirani.

*La pili ni la maua mazito.* Humu mna asumini na langilangi. Mlangilangi unajulikana Unguja na Pemba, na ndugu zetu wa Komoro ndio wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Maua huchumwa alfajiri na kukenekwa siku hiyohiyo, na kazi huendelea saa nyingi. Mafuta yanayotoka saa za mwanzo huwekwa kando na kuitwa ya daraja la juu kabisa, kisha hufuata daraja la kwanza, la pili na la tatu. Kwa manukato ya mwili tafuta yale ya mwanzo, kwani ndiyo yenye ua. Ya mwisho ni mazito na yanafaa zaidi kwa sabuni. Langilangi na asumini zina chembe wanayoshirikiana, na kwa sababu hiyo langilangi kidogo huweza kurefusha asumini haba. Lakini kundi hili lina nguvu. Tone moja likizidi huleta kichwa kuuma, na ua likageuka kero.

*La tatu ni la majani.* Lavenda na rozmari ni wa kundi hili. Haya husafisha mchanganyiko na kuupa hewa. Lavenda hufanya kazi ya udugu. Ina chembe inayopatikana pia katika harufu za juu, hivyo huliunganisha tabaka la juu na la kati bila mtu kuhisi mshono. Angalia tu usipewe lavendini ukidhani ni lavenda. Lavendini ina ukali wa kafuri na huuzwa rahisi zaidi.

*La nne ni la viungo.* Hapa ndipo nyumbani kwetu: karafuu, kungumanga, pilipili manga, na iliki ambayo huanza juu kidogo kisha ikashuka. Kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake kisiwani Pemba, hukeneka mafuta kutokana na makonyo ya karafuu. Ujue kwamba mafuta ya makonyo na ya majani ni makali, na yale ya karafuu yenyewe, yaani ya kitumba cha ua, ni matamu zaidi na ndiyo yanayofaa manukato. Kiungo katika tabaka la kati ni kama chumvi katika mchuzi. Hakisikiki chenyewe, lakini kikikosekana kila mmoja hujua. Tone moja la karafuu ndani ya jeraniamu huisogeza karibu na waridi, kwa kuwa waridi lenyewe lina chembe ya karafuu kidogo ndani yake.

Maswali matatu kabla ya kufungua chupa

Swali la kwanza: ni kwa ajili ya nani, na kwa wakati gani? Manukato ya bi harusi, ya kijana anayekwenda swala ya Ijumaa, na ya mama anayepumzika baada ya Isha hayawezi kuwa na moyo mmoja. Maua mazito yanafaa usiku na chumba chenye upepo. Mchana wa Kaskazi, jasho na joto huyaongeza nguvu maradufu, na hapo lavenda au jeraniamu hustahimilika zaidi.

Swali la pili: ni lipi litakalokuwa mkuu? Chagua mafuta mamoja ya kati uyafanye imamu, na mengine yawe maamuma. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutia waridi, asumini, langilangi na maua ya mchungwa yote kwa kipimo sawa, kwa kudhani kwamba mazuri manne yakikutana yatazaa zuri kubwa. Hutoka harufu isiyo na sura. Mkuu achukue nusu ya tabaka la kati au zaidi, msaidizi mmoja amfuate, na kiungo kimoja kiwe cha kugusa tu.

Swali la tatu: je, mkuu huyu anapatana na walio juu na chini yake? Usijibu kwa kufikiri. Jibu kwa pua. Kata vipande vyembamba vya karatasi nyeupe ngumu, tia tone la mafuta ya kati kwenye kipande kimoja, la juu kwenye cha pili, la msingi kwenye cha tatu. Andika jina kwenye kila kipande. Vishike pamoja kama upepeo na uvipitishe mbele ya pua. Kimoja kikikera, kitoe na ujaribu kingine, na hujapoteza ila tone. Kisha viache, uvinuse tena baada ya nusu saa, na tena baada ya saa tatu. Ile saa ya tatu ndiyo hakimu, maana huko ndiko moyo wa manukato ulipo. Pua ikichoka, toka nje upate hewa kwa muda kabla ya kuendelea.

Mifano miwili

Chukua chupa ya mililita 10, safi na kavu, ya kioo cha rangi ya kahawia au buluu. Mililita 1 ni kiasi cha matone 20. Mifano hii ina matone 20 kila mmoja, na nafasi iliyobaki hujazwa mafuta ya kuzimulia. Jojoba inafaa kwa sababu haiharibiki upesi. Mafuta ya lozi ni mazuri lakini huchacha. Mafuta ya nazi ya kawaida yana harufu yake yenyewe na huganda kukipoa, basi kama unataka nazi tafuta yale yaliyosafishwa yasiyoganda.

Mfano wa kwanza ni wa mwanamke, kwa matumizi ya nyumbani. Kati: jeraniamu matone 6, lavenda 2, langilangi 1, karafuu 1. Juu: chungwa tamu matone 6. Msingi: sandali matone 2 na pachuli 2. Mwenye asumini halisi anaweza kuiweka tone 1 mahali pa karafuu, na manukato yatageuka kutoka harufu ya bustani hadi harufu ya usiku wa harusi.

Mfano wa pili ni wa mwanamume, kwa siku ya Ijumaa. Kati: lavenda matone 6, jeraniamu 2, pilipili manga 2. Juu: chungwa tamu matone 5 na iliki 1. Msingi: ubani matone 2 na sandali 2.

Katika yote mawili, anza kwa kuchanganya kati peke yake. Inuse. Ikiwa haipendezi ikiwa peke yake, udi wowote hautaiokoa. Ikikuridhisha, tia msingi tone baada ya tone, na umalize kwa juu. Kisha mafuta ya kuzimulia, ufunge, uzungushe chupa polepole, uiweke mahali penye giza na ubaridi kwa muda wa wiki mbili. Harufu mpya huwa na makelele, na siku zikipita sauti hupatana. Andika kwenye daftari kila tone ulilotia na tarehe yake, kwa sababu mchanganyiko mzuri usioandikwa hauwezi kurudiwa.

Ngozi ni amana

Kwamba kitu kimetoka kwenye mmea si hoja kwamba hakidhuru. Kipimo cha mifano hii ni cha manukato ya kugusa vifundo vya mikono na nyuma ya masikio. Si mafuta ya kujipaka mwili mzima.

Katika chupa ya mililita 10, karafuu isizidi tone 1, kwani ikizidi huunguza na kuwasha. Asumini vilevile isizidi tone 1. Langilangi isizidi tone 1, na waridi halisi pia. Mafuta ya gome la mdalasini usiyatie kabisa katika manukato ya ngozi, japokuwa harufu yake inavutia. Mafuta ya ndimu na ya bagamoti yaliyokamuliwa kwenye maganda yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuibabua na kuacha alama nyeusi, na jua letu mwalijua. Ndiyo sababu mifano yetu imetumia chungwa tamu.

Kabla ya kuutumia mchanganyiko wowote mpya, paka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri saa 24. Usimpake mtoto mchanga. Mama mjamzito aulize kwanza kwa daktari au mkunga. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu izingatie harufu laini, au iache. Na chupa zote ziwekwe mbali na mikono ya watoto, kwa kuwa mafuta haya yakimezwa, hata kidogo, ni sumu kwao.

Jina la kweli juu ya chupa

Dada anayeuza manukato yake ana jambo jingine la kuangalia, nalo ni zito kuliko harufu. Tabaka la kati ndilo linalobeba jina la manukato. Chupa ikiitwa "Waridi", mnunuzi anadai kati yake iwe waridi. Nasi tumekwisha ona ni tani ngapi za maua zinazozaa kilo moja. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kinachouzwa kwa jina la waridi kwa bei ya chini ni jeraniamu, au ni mafuta ya harufu yaliyotengenezwa kiwandani.

Kutumia jeraniamu si aibu. Kutumia harufu ya kiwandani pia si haramu kwa kuwa tu ni ya kiwandani, na wako ambao ngozi zao huivumilia vizuri. Kinachoharibu ni jina. Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini kumelowa, alimwuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka ule ulolowa juu watu wauone, na akatoa onyo kali kwa mwenye kughushi. Mchanganyaji wa manukato na alitazame rundo lile. Kilicho ndani kiwe juu. Andika: "Manukato yenye harufu ya waridi, yametengenezwa kwa jeraniamu." Utauza, na utalala usingizi.

Nawe unaponunua kwa muuzaji wa jumla, uliza jina kamili la mmea, sehemu ya mmea iliyotumika, na nchi ulikotoka. Asiyeweza kujibu hayo matatu hajui anachokuuzia. Mafuta mepesi kama lavenda yajaribu kwa tone moja juu ya karatasi nyeupe. Yakikauka na kuacha duara la ufuta, yameongezwa mafuta mazito. Jaribio hili halifai kwa sandali na asumini, ambazo kwa asili yake huacha doa.

Adabu ya mwenye kunukia

Dini yetu haikuharamisha harufu nzuri, bali imeipangia mahali pake. Mwanamume amesisitiziwa kujitia manukato aendapo Ijumaa. Mwanamke yuko huru nyumbani kwake, mbele ya mumewe, watoto wake na wanawake wenzake, na imepokewa katazo la kutoka akiwa amejitia manukato na kuwapitia wanaume ili waisikie harufu yake. Imepokewa pia kwamba manukato ya wanaume ni yale yenye harufu iliyodhihiri na rangi iliyofichika, na ya wanawake ni kinyume chake. Mwenye ihramu huyaacha. Mwenye kukaa eda ya kufiwa na mumewe huyaacha mpaka muda wake utimie.

Mambo haya yanaingia moja kwa moja katika uchaguzi wa kati. Anayechanganya kwa ajili ya chumba chake anaweza kumfanya langilangi kuwa msaidizi wa karibu. Anayetaka tu ngozi yake iwe safi na isiyo na harufu mbaya anapokwenda kwenye shughuli zake, na aoge vizuri, aliache chupani kila lenye kuvuma. Tabaka la kati halipotei kwa kufika mlangoni. Litakaa saa nne, na litakwenda popote mwenyewe aendapo.

Mtume (S.A.W.) alimfananisha rafiki mwema na muuza miski. Ama atakupa, ama utanunua kwake, ama angalau utapata kwake harufu nzuri. Kila mama anayechanganya manukato kwa uangalifu na kuyauza kwa ukweli anayo sehemu katika mfano huo. Basi aanze na moyo wa chupa yake: achague ua moja analolijua, alipe nafasi yake, alipe jina lake, na alisubiri hadi saa ya tatu kabla ya kulihukumu.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki za halali, nyumba zenye utulivu, na mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.